Kijiji cha Bishop Hill na Watu wa Mfuko Mmoja

Habari za Marekani zinazotufikia mara nyingi ni habari za miji mikubwa: majumba marefu, bandari, viwanda na magari yasiyohesabika. Kwa hiyo wako wanaodhani ya kuwa nchi ile haina vijiji. Lakini vijiji viko, tena vingi, na habari za baadhi yake zamfaa kila mtu akaaye kijijini. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari ya kimoja kiitwacho Bishop Hill. Ni kijiji kidogo sana. Watu walipohesabiwa mwaka wa 2020 walionekana wakazi 114 tu. Hata hivyo serikali ya Marekani imekiandika katika orodha ya mahali pa kumbukumbu ya taifa zima, na kila mwaka wageni hutoka mbali kwenda kukitazama. Sababu yake ni hii: hapo zamani watu wapatao elfu walikusanyika pale wakaishi kwa mfuko mmoja, mashamba, ng'ombe, nyumba na fedha vyote vikiwa vya shirika. Jambo lile lilisimama kwa muda wa miaka 15, kisha likaanguka. Yafaa tujue lilisimama kwa nini, na ni kitu gani kilicholiangusha.

MAHALI PENYEWE

Bishop Hill iko katika jimbo la Illinois, wilaya ya Henry, yapata maili 160 toka mji wa Chicago kwa upande wa kusini-magharibi. Sehemu ile ya Marekani huitwa Magharibi ya Kati. Ni nchi tambarare. Zamani ilikuwa mbuga ya majani marefu, na miti iliota kando ya mito tu. Udongo wake ni mweusi wenye rutuba nyingi, na siku hizi mahindi na maharagwe ya soya hulimwa huko mpaka jicho likome. Wakati wa kiangazi jua ni kali, lakini wakati wa baridi theluji hufunika nchi yote, na upepo huvuma bila kizuizi. Karibu na kijiji hupita mto mdogo uitwao Edwards.

Maana ya jina ni Kilima cha Askofu. Lakini asiyejua habari zake angetafuta kilima asikione, na askofu asimwone. Jina lile lilivuka bahari. Katika nchi ya Uswidi kuna mtaa wa kanisa uitwao Biskopskulla, na huko ndiko alikozaliwa mtu aliyekianzisha kijiji hiki. Jina la kwao akaligeuza katika Kiingereza.

ASILI YA WATU WALE

Mtu huyo aliitwa Erik Jansson, naye alizaliwa mwaka wa 1808. Alikuwa mkulima, si mtu wa elimu kubwa, lakini alisoma Biblia kwa bidii na alikuwa na ulimi mwepesi. Mwaka wa 1843 alisafiri kwenda kaskazini, katika nchi ya Hälsingland, akiuza unga wa ngano. Kila alikolala alisoma na kufundisha, na watu wakamsikiliza kuliko walivyowasikiliza wachungaji wao. Katika nyumba moja alipokewa na mkulima aliyeitwa Jonas Olsson, ambaye baadaye alikuwa mkono wake wa kuume.

Wakati huo Kanisa la Kilutheri lilikuwa kanisa la serikali katika Uswidi, na ilikuwako sheria ya mwaka wa 1726 iliyokataza watu kukusanyika nyumbani kwa ibada pasipo mchungaji wa mtaa. Sheria ile haikufutwa mpaka mwaka wa 1858. Basi mikutano ya Jansson ilikuwa kosa mbele ya serikali. Naye alizidi kuongeza kuni motoni. Alifundisha kwamba mwamini wa kweli hana dhambi tena, na kwamba Biblia peke yake yatosha. Tena mwezi wa Juni mwaka wa 1844 wafuasi wake waliwasha moto mkubwa wakaviteketeza vitabu vya Luther na vya walimu wengine wa dini. Hapo hasira ya wachungaji na ya maofisa ikawaka sawasawa na moto ule. Jansson akakamatwa, akafunguliwa, akakamatwa tena. Mwisho akawaponyoka walinzi, akavuka milima yenye theluji mpaka Norwei, na toka huko akapanda merikebu kwenda Amerika. Alifika New York mwaka wa 1846.

Kabla yake, mwaka wa 1845, wenzake walikuwa wamekwisha mtuma mtu mmoja, Olof Olsson, aende kutafuta mahali. Alipofika New York alimkuta Mswidi mwenziwe, Olof Hedström, mhubiri wa Kimethodisti aliyefanya ibada ndani ya merikebu iliyofungwa bandarini kwa ajili ya mabaharia na wageni. Hedström alikuwa na ndugu yake Illinois, akamwelekeza huko. Ndivyo ilivyotokea kwamba watu wa Uswidi wakapata makao katikati ya mbuga za Illinois, ambako ardhi ya serikali iliuzwa kwa dola moja na robo kwa ekari.

Waliosafiri kumfuata Jansson walipita 1,000. Wengi wao walikuwa wakulima na mafundi. Waliuza mashamba na wanyama wao, fedha zote zikatiwa katika mfuko mmoja. Wako waliotia fedha nyingi, na wako walioingia na deni tu, na deni lile likalipwa na mfuko. Kisha nauli ya kila mtu ikalipwa humo humo. Walifanya hivyo kwa haja ya safari, na pia walikuwa wakitazama mfano wa waamini wa kwanza wa Yerusalemu, ambao habari zao zimeandikwa katika Matendo ya Mitume.

Safari haikuwa nyepesi. Walivuka bahari kwa merikebu za matanga kwa muda wa wiki nyingi. Toka New York walipanda mto, wakapita mfereji mrefu, wakavuka maziwa makubwa mpaka Chicago. Toka Chicago wenye nguvu walikwenda kwa miguu, maili 160, na magari yaliwachukua wagonjwa na wadhaifu.

MASHIMO, NJAA NA KIPINDUPINDU

Wale wa kwanza walifika wakati wa baridi ulipokuwa ukikaribia, na nyumba za kuwatosha hazikuwako. Wakachimba mashimo katika ukingo wa bonde, wakayaezeka kwa magogo na udongo, wakakaa humo kwa wingi, wamesongamana katika hewa nzito na unyevu. Chakula kilikuwa haba, tena walifunga mara nyingi. Husemwa kwamba katika baridi ile ya kwanza watu 96 walikufa. Lakini katika mashimo yale yale walifanya ibada kila siku, na humo wakafungua shule, watoto wapate kusoma na vijana wajifunze Kiingereza.

Mwaka wa 1848 walijenga kanisa, ambalo lasimama mpaka leo. Mwaka uliofuata likawapata pigo kubwa kuliko la kwanza. Kipindupindu kiliingia pamoja na wageni wapya waliotoka ng'ambo, kikaua watu zaidi ya 140. Mke wa Jansson mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Msomaji aliyewahi kuona kijiji kikizika kila siku ataelewa hali yao. Baadhi walikuwa wamekwisha choka na amri za Jansson, nao walijitenga wakajiunga na Wamethodisti. Lakini wengi walibaki.

KAZI ZA MIKONO MINGI

Hapa ndipo penye sifa yao. Watu hawa waliofika wakiwa maskini waligeuza mbuga kuwa shamba kwa muda mfupi wa kushangaza, kwa sababu walijua kugawana kazi. Kila mtu alipewa kazi aliyoiweza: wahunzi, maseremala, wafyatua matofali, waashi, wafumaji, wakamuaji wa maziwa, wachunga ng'ombe. Hakuna aliyelipwa mshahara. Kila mmoja alipata chakula, mavazi na malazi, na wazee na wagonjwa walitunzwa na wote.

Kazi ya kwanza iliyowaletea fedha ilikuwa kitani. Walilima mmea ule, wakautoa nyuzi, na wanawake na watoto wakasokota na kufuma. Mwaka wa 1847 waliuza nguo za kitani yapata yadi 12,000. Mwaka wa 1851 zilipita yadi 28,000. Baadaye biashara ya kitani ilipopungua walishika namna ya mtama ambao hautakiwi kwa punje zake, bali mashuke yake marefu hukatwa na kufungwa kuwa mafagio. Mafagio na mabua ya Bishop Hill yaliuzwa mpaka miji ya mbali.

Kupanda mahindi kwao kulikuwa tamasha kwa wapita njia. Wazee wawili walisimama kila mmoja mwisho mmoja wa shamba, wakishika kamba ndefu iliyofungwa alama. Wanawake walijipanga mstari mmoja nyuma ya kamba, kila mmoja akatia mbegu penye alama yake. Kisha kamba ikasogezwa hatua, mstari wote ukasogea pamoja. Wakati wa mavuno wanaume walikata ngano kwa mstari, na wanawake waliwafuata wakifunga miganda. Wanawake walifanya hata kazi ngumu za ujenzi: daraja lilipojengwa juu ya mto, wao ndio waliovuta kamba za kuinua gogo zito la kupigilia nguzo chini.

Jumba lao kubwa kuliko yote lilikuwa la matofali, orofa 4, urefu wake futi 200. Familia zilikaa orofa za juu, na chini palikuwa na jiko na ukumbi wa kulia chakula, ambamo mamia ya watu walikula kwa wakati mmoja, meza za wanaume, za wanawake na za watoto zikiwa mbalimbali. Katikati ya miaka ya 1850 ardhi yao ilipita ekari 8,000. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha watu hawa kilijaa upesi, kwa kuwa kila mkono ulitia chake.

MTU ALIYESHIKA NENO NA MTU ALIYESHIKA FEDHA

Lakini tangu mwanzo ulikuwako ufa katika jengo lile. Kwa muda wa miaka minne Jansson alikuwa nabii wao, msemaji wao, mnunuzi na mwamuzi wao. Neno lake halikuwa na wa kulipinga.

Mwaka wa 1848 alifika mgeni mmoja wa Kiswidi aliyeitwa John Root, akamwoa binamu yake Jansson. Kabla ya ndoa waliandikiana mapatano kwamba Root akiondoka, mkewe atakuwa na hiari ya kubaki. Root alipotaka kuondoka, mke akabaki. Root akajaribu kumchukua kwa nguvu, akachochea watu wa jirani wakakishambulia kijiji. Shauri likafika hukumuni. Tarehe 13 Mei 1850, katika nyumba ya hukumu ya mji wa Cambridge, makao makuu ya wilaya, Root alimpiga Jansson risasi, akafa papo hapo.

Jonas Olsson wakati huo alikuwa safarini na wenzake wachache, wametumwa California kutafuta dhahabu kwa ajili ya kulipa madeni ya kijiji. Aliposikia habari akarudi, akashika uongozi. Mwaka wa 1853 serikali ya jimbo iliwapa hati, na mali yote ikawekwa chini ya wadhamini 7. Wadhamini wale hawakuchaguliwa kwa muda. Waliweza kukaa miaka yote, maadamu hawakuondolewa kwa kosa. Watu waliridhika, kwa sababu miaka ile ilikuwa miaka ya neema.

Miongoni mwa wadhamini alikuwako Olof Johnson, mtu hodari wa biashara, na kazi za fedha zilimwangukia yeye. Reli ilipopita maili chache toka Bishop Hill, ukazaliwa mji wa Galva, ambao jina lake latoka Gävle, bandari ya Uswidi. Johnson alifungua maghala huko, akanunua na kuuza nyama ya nguruwe, akatia fedha katika benki, akachukua kazi ya kutengeneza njia ya reli nyingine ambayo ilikuwa haijajengwa. Mambo haya yote aliyafanya kwa jina la kijiji, na kwa dhamana ya mashamba ya kijiji. Wakulima waliokuwa wakikata ngano hawakujua kiasi cha fedha zilizokopwa. Mwaka wa 1857 biashara ya Marekani nzima iliyumba, mabenki yakafunga milango, na ile kampuni ya reli haikuweza kulipa.

Pamoja na hayo, ugomvi mwingine ulikuwa umekwisha ingia. Karibu na mwaka wa 1854 viongozi walianza kufundisha kwamba ni afadhali watu wasioe wala kuolewa, na walioana waishi kama ndugu. Hili walilitwaa kwa kundi jingine la dini lililoishi Kentucky. Vijana wengi hawakulikubali, wengine wakaondoka. Basi madeni yalipojulikana, hayakuwakuta watu wenye moyo mmoja.

Ndipo wakaanza kuuliza habari za hesabu, nao hawakupata majibu ya kutosha. Mwaka wa 1860 walikata shauri la kuvunja shirika, na mwaka wa 1861 mali iligawanywa. Ugawaji wenyewe ulikuwa wa haki: mwanamume na mwanamke walipata sawa, kwa kadiri ya umri wao, na aliyefikia miaka 35 alipata fungu zima. Lakini madeni hayakugawanyika kwa wepesi kama ardhi. Johnson aliachiwa kuyamaliza, naye akawatoza watu tena na tena. Wako waliouza mashamba waliyopewa ili walipe deni wasilolikopa. Mwaka wa 1868 baadhi yao walipeleka shauri hukumuni. Johnson alikufa mwaka wa 1870 shauri likiendelea, nalo halikwisha mpaka mwaka wa 1879, yaani miaka 18 baada ya shirika kuvunjika.

Wahenga wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani hakuna kijiji kilichoupata ukweli wa methali hii kwa gharama kubwa kama Bishop Hill. Baridi haikuwashinda, wala njaa, wala kipindupindu, wala kifo cha kiongozi. Waliyashinda hayo yote. Walishindwa na daftari lililofungwa.

MAMBO YA KUTAZAMA SIKU HIZI

Reli kubwa ilikuwa imepita Galva, na kijiji kikabaki kando. Vijana walikwenda kutafuta kazi mahali pengine. Wengine walikuwa wamekwenda vitani mwaka wa 1861, katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, wakiwa kikosi cha Waswidi watupu. Majengo yakachakaa, na lile jumba kubwa la matofali likateketea kwa moto mwaka wa 1928. Lakini kwa kuwa hakuna tajiri aliyekuja kubomoa na kujenga upya, majengo mengi ya kale yalisalimika.

Mgeni afikapo leo huonyeshwa kwanza kanisa la mwaka wa 1848. Ni la mbao, limepakwa rangi nyeupe. Ukumbi wa ibada uko juu, na chini vilijengwa vyumba 20 vya familia, kwa maana siku zile nyumba zilikuwa haba hata wakaona si vema chini ya kanisa pakae bure. Mabenchi yake ya mbao ngumu, yaliyofanywa na mafundi wa kijiji, yako vile vile, na katikati kuna kizuizi kilichowatenga wanaume na wanawake.

Karibu yake liko jengo lenye mnara, lililojengwa mwaka wa 1854, lina orofa 3 na nguzo mbele. Juu yake kuna saa ambayo wageni hupenda kuitazama, kwa kuwa ina mshale mmoja tu, ule wa kuonyesha saa. Mshale wa dakika haukuwekwa. Kuna pia duka la kale la shirika, nyumba ya wahunzi, hoteli ya zamani yenye mnara mdogo, na shule iliyojengwa mwaka wa 1861, wakati ule ule mali ilipokuwa ikigawanywa. Jambo hili la shule linanipendeza: watu walikuwa wamegombana juu ya kila kitu, lakini juu ya watoto kusoma hawakugombana.

Baadhi ya nyumba zile hukaliwa na mafundi, wafinyanzi na wafumaji, nao huuza kazi za mikono yao. Mwezi wa Septemba huwa na siku za mavuno, na kazi za shamba za kale huonyeshwa tena. Mwezi wa Desemba mishumaa huwekwa madirishani, na wasichana wenye kanzu nyeupe na taji za taa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Lusia, kama ilivyo desturi ya Uswidi. Mwaka wa 1976 mfalme wa Uswidi, Carl XVI Gustaf, alikwenda kuwaamkia. Ni ajabu kidogo kufikiri ya kwamba mababu zao walitoka nchi ile wakikimbizwa na maofisa wa mfalme.

Lakini kitu cha thamani kuliko vyote ni picha za Olof Krans. Mtu huyu aliletwa Bishop Hill mwaka wa 1850, akiwa mtoto wa miaka 12. Alifanya kazi za shirika, akaenda vitani, kisha akakaa Galva akipaka rangi nyumba za watu. Hakusoma uchoraji shuleni. Alipokuwa mzee, karibu na mwaka wa 1896, kijiji kilipotimiza miaka 50, alianza kuchora kwa kumbukumbu yale aliyoyaona utotoni: wanawake na kamba ya kupandia mahindi, wavunaji katika mstari, wavutaji wa kamba darajani, na nyuso za wazee mmoja mmoja, wakali na watulivu. Alikufa mwaka wa 1916. Picha zake ziliwekwa kijijini, na sasa zina nyumba yake ya makumbusho iliyojengwa na jimbo. Hayo niliyoyaeleza juu ya kupanda na kuvuna, sehemu kubwa yajulikana vizuri kwa ajili ya mzee huyu.

Kanisa lenyewe lilikabidhiwa kwa jimbo la Illinois mwaka wa 1946, ili lihifadhiwe. Mwaka wa 1962 wenyeji na wazao wa watu wa kwanza walifanya chama cha kutengeneza majengo mengine, wakayatengeneza moja moja. Basi kile kijiji kilichovunja shirika la mali kilifanya shirika jingine, la kutunza kumbukumbu, nalo lingali linaendelea.

MAJIRANI WALIOFIKA HATA KWETU

Kuna jambo moja zaidi litakalowapendeza wasomaji wa Tanzania. Katika wilaya ile ile ya Henry kuna kijiji cha Andover. Waswidi wa huko hawakumfuata Jansson; walibaki Walutheri. Mwaka wa 1849 alifika mchungaji wao, Lars Paul Esbjörn, na mwaka wa 1850 akaanzisha usharika. Mwimbaji mashuhuri wa Uswidi, Jenny Lind, aliwasaidia kwa dola 1,500 kujenga kanisa, nalo lingalipo, dogo la matofali, lenye jina la mwimbaji yule. Mwaka wa 1860 Esbjörn na wenzake waliunganisha sharika za Waswidi wa Magharibi ya Kati zikawa sinodi iliyoitwa Augustana. Sinodi hiyo ndiyo iliyotuma wamisionari wake Iramba, katika nchi ya Singida, katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mtu wa Iramba aliyejifunza kusoma katika shule yao, au aliyetibiwa katika hospitali yao, amekwisha pokea kitu kilichotoka katika mbuga zile za Illinois.

LA KUJIFUNZA

Wako wasemao ya kuwa Bishop Hill yathibitisha kwamba watu hawawezi kuwa na mali ya shirika. Mimi sioni hivyo. Kwa miaka 15 waliweza: maskini alilishwa, mgonjwa alitunzwa, deni la mnyonge lililipwa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuuliza. Mara ya kwanza walimwachia mtu mmoja neno lote, na mara ya pili wakamwachia mtu mmoja fedha zote. Na mara zote mbili walidhani kwamba kuuliza ni kukosa imani au kukosa adabu. Lakini mtunza fedha mwaminifu hufurahi akiulizwa, maana swali ndilo limpalo nafasi ya kuuonyesha uaminifu wake.

Nasi katika vijiji vyetu tuna mifuko ya namna hiyo: chama cha ushirika, sanduku la kanisa, michango ya shule, fedha za mazishi. Basi kila kijiji chahitaji madaftari mawili. La kwanza ni daftari la mali, lisomwe mbele ya watu wote, tena kwa wakati uliowekwa, asiyejua kusoma naye asomewe. La pili ni daftari la kumbukumbu. Wazee wanaojua ni nani aliyechimba kisima cha kwanza, na kanisa lilijengwa kwa michango ya akina nani, wanapungua kila mwaka. Bishop Hill ilimpata mpaka rangi mmoja aliyeona kwamba jambo hilo ni lake. Katika kila kijiji chetu yuko kijana ajuaye kuandika. Na aende kwa mzee mwezi huu, akae naye, aulize, aandike.